Opereta Aliyekataa Kumtaja Muuaji: Maisha ya Danieli Matar Mabrouk, 1911–1972

Marehemu Danieli Matar Mabrouk alikuwa na kanuni moja ambayo hakuivunja tangu alipoingia kazi ya sinema hadi alipofariki: mtu ambaye hajaiona filamu hasimuliwi mwisho wake. Hakumsimulia tajiri yake, wala mkewe, wala padri aliyemuuliza kwa utani mlangoni mwa kanisa. Alisema kuwa anayesimulia mwisho humwibia mwenzake kitu kisichoweza kurudishwa.

Alizaliwa Mbweni, Unguja, tarehe 3 Machi 1911, mtoto wa tatu wa Mzee Matar Mabrouk, mwashi, na Bi Marjani. Alisoma shule ya misheni hapo hapo Mbweni, kisha mjini, akamaliza mwaka 1927. Katika cheti chake mwalimu aliandika kwamba kijana huyu ni mwaminifu, ila hajibu akiulizwa. Cheti kipo mpaka leo, na familia haioni kwamba mwalimu alikosea.

Kwa miaka kumi alichora mabango ya sinema. Mwaka 1938 alipandishwa chumba cha mashine ya kuonyeshea filamu katika Sinema ya Nurani, Vuga, na huko ndiko alikofanya kazi maisha yake yote. Alipanda kazini amevaa shati jeupe na tai, ingawa mule ndani hakuna aliyemwona. Filamu mpya ilipofika, aliiendesha kwanza peke yake, mkanda kwa mkanda, akisikiliza kila kiungo cha mkanda kinavyopita, maana kiungo kibovu hukatika mbele ya watu.

Tarehe 7 Oktoba 1939 alifunga ndoa na Bi Sichana Songoro. Wakati wa uchumba alimpeleka kutazama filamu ya bibi arusi aliyepotelea msituni. Wakati wa mapumziko Bi Sichana akamuuliza kama yule mwanamke atapona. Danieli alimnunulia njugu. Bi Sichana alinuna wiki mbili, halafu akamwambia mama yake kwamba mwanamume anayeweza kunyamaza hivyo hatatoa siri za nyumba. Walijaliwa watoto watatu.

Sasa inafaa kulieleza jambo ambalo wengi mliopo hapa mazikoni mlilisikia kwa upande mmoja. Kamati iliyohusika imekwishavunjwa, kwa hivyo linasemeka.

Kwa Sikukuu ya Idd el Fitri ya Desemba 1968 ilifika kutoka Bombay filamu ambayo mji ulikuwa haujawahi kuona mfano wake. Ilikuwa ya zama za wafalme wa Kihindi: tembo waliovishwa dhahabu, taa za vigae vya kioo, wachezaji mia tatu ndani ya ukumbi mmoja. Nawabu, mtawala wa jimbo, anatiliwa sumu mezani, na anaitwa mpelelezi mnene, mwenye mwavuli, anayeogopa paka. Watu walicheka mpaka wakalia, na papo hapo kila mmoja akawa anamshuku kila aliyemo. Filamu ilikuwa na mikanda kumi na minne, na muuaji anajulikana katika mkanda wa mwisho.

Kila filamu ilipaswa kuonwa na kamati kabla ya umma. Wajumbe wanne waliitazama Alhamisi tarehe 19 Desemba, jioni, nao wamefunga. Ilipoadhiniwa magharibi, mikanda mitatu ikiwa bado, waliinuka wote kwenda kufuturu, pamoja na tajiri wa sinema, Bwana Hasan. Kabla ya kutoka walitia saini kwamba wameiona yote. Danieli, ambaye kwa dini yake hakuwa amefunga, alibaki akaiendesha mikanda ile mitatu kwenye ukumbi mtupu. Kisiwa kizima hakuna mtu mwengine aliyeujua mwisho.

Kesho yake mjumbe mmoja wa kamati akarudi. Alikuwa kijana, na mtu wa adabu, akaamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba. Alikuwa amesikia minong'ono kwamba muuaji ni mkuu wa walinzi mwenyewe, na filamu ya mlinzi kumuua mtawala wake, kwa wakati ule, lingemtia matatani aliyetia saini.

"Mzee, huyo Nawabu kauliwa na nani?"

"Tiketi zinafunguliwa kesho saa tisa, mwanangu. Ntakuwekea kiti cha roshani."

"Mimi s'kuja kutazama, nimekuja kuuliza."

"Ushatia saini kwamba umeona. Nikikusimulia, nitakuwa nimekusaidia kusema uongo."

Mjumbe aliondoka na makopo matatu ya mikanda ya mwisho chini ya kwapa. Kwa kuwa hawakuwa na mashine, na kuomba mashine kungekuwa kukiri kwamba hawakuiona yote, wajumbe waliukunjua mkanda dirishani wakautazama kwa jua. Waliona watu wadogo wamesimama kichwa chini, na mmoja ameshika mwavuli. Jumatatu tarehe 23 wakamwita Danieli ofisini. Walimkalisha saa tatu, wakamuuliza swali lile lile kwa namna zote wanazozijua, na mmoja akamuuliza kwa ukali ana maslahi gani ya kumficha muuaji. Alijibu kwamba yeye ni opereta. Wakamwachia.

Siku ya Krismasi, alasiri, ilikuwa zamu ya wanawake peke yao. Filamu, iliyokuwa ikionyeshwa bila mikanda ile mitatu, ilipokatika bila mwisho, Bi Mwanapili, mpishi wa mandazi wa Malindi, alisimama juu ya kiti akatangaza kwamba hatoki mtu mpaka wamjue muuaji, na kama opereta haoni haya kuwanyima wanawake haki yao, basi huenda muuaji ni yeye. Danieli aliteremka, akasimama mbele yao na tai yake, akawaomba radhi, akarudi juu. Kicheko cha siku ile kilisikika hadi hospitali.

Lakini mji ule wakati ule haukuwa wa kicheko tu. Aliyeitwa ofisini ama hakurudi upesi, au alirudi na kazi ya kupeleka maneno. Danieli alirudi baada ya saa tatu, kwa miguu yake, nguo zake safi. Kwa miaka ishirini na tisa alikuwa akinywa kahawa kila asubuhi barazani Sokomuhogo na watu saba, na aliyekaa ubavuni pake siku zote alikuwa Abdulla Shaame, fundi cherehani. Asubuhi ya tarehe 26 Abdulla alimuuliza mbele ya wote.

"Danieli, walikutakia nini?"

"Walitaka kujua nani kamuua Nawabu."

Baraza nzima ilicheka. Abdulla hakucheka.

"Hayo ya kuchekesha tumeyasikia. Tuambie la kweli."

"Hilo ndilo la kweli."

"Haya, nani kamuua?"

Ingekuwa rahisi kutaja jina moja. Lakini Danieli aliamini kwamba mmoja kati ya wale saba hupeleka maneno, na neno atakalolitoa pale litafika ofisini kabla ya adhuhuri. Hivyo kabla ya kujibu aliwatazama mmoja mmoja, akimtafuta. Wasifu huu haufichi kosa lake: alimtazama na Abdulla vile vile, na Abdulla aliyaona macho yale.

"Mwisho ukirudishwa, mtautazama," alisema.

"Nilikushonea shati la arusi, Danieli," Abdulla akasema, "na leo wanipima kama mwizi sokoni."

Akamwaga kahawa yake chini, akahamia baraza ya ng'ambo. Waliosalia walimfuata siku ile ile, na baadhi yao wapo hapa leo.

Mikanda ilirudishwa tarehe 3 Januari 1969, na barua ya mstari mmoja: haina neno. Filamu ilikuwa imeshapelekwa Dar es Salaam tangu Desemba, na haikurudi tena Unguja. Marehemu alipeleka salamu kwa Abdulla mara mbili, na mara mbili hazikuitikiwa. Aliyekuwa akipeleka maneno, kama alikuwapo, hakujulikana. Wako wanaosema marehemu alikuwa mkaidi, na familia haibishani nao. Ila mkaidi hakumsingizia mtu, na waliomhama hawawezi kusema hivyo.

Mwanzoni mwa mwaka 1971 alianza kusumbuliwa na kifua. Aliendelea kupanda ngazi za chumba cha mashine hadi Februari 1972, miguu ilipokataa. Alifariki nyumbani kwake Mkunazini, Jumatano tarehe 14 Juni 1972, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Bi Sichana.

Ameacha mjane, Bi Sichana, watoto watatu: Kurwa, mwalimu Tanga, Doto, na Tabia aliyeolewa Kidichi, wajukuu sita, na dada yake, Bi Salome. Bwana ampokee mtumishi wake na ampe pumziko lenye amani.

Kanuni yake ilimgharimu urafiki wa miaka ishirini na tisa, na miaka mitatu na nusu ya mwisho alikunywa kahawa peke yake.