Cha Mkwe Wangu Nakijua

Tumsifu Yesu Kristo. Padre paroko, viongozi wa jumuiya, wakwe zetu mliokuja kwa boti kutoka Mwamgongo, majirani wa Mwandiga na wafanyabiashara wa mawese wa Kigoma mjini, wakubwa shikamooni, na wote poleni. Mimi ni Feliksi Telesphory, mdogo wa marehemu, tumbo moja. Familia imenipa kazi ya kusoma historia yake na nitaisoma yote, hata pale ambapo baadhi yenu mtainamisha vichwa, kwa sababu yeye mwenyewe, akiwa na akili zake timamu, alituagiza tusije tukaufunika ugonjwa wake kwa maneno ya "aliugua kwa muda mrefu", na pia kwa sababu ya maneno yanayosemwa hapa msibani tangu Jumamosi, ambayo mimi nimeyasikia kwa masikio yangu.

Dada yetu Leonia Telesphory alizaliwa hapa Mwandiga tarehe 3 Juni 1963, akiwa mtoto wa pili wa mzee Telesphory, mkulima wa michikichi. Alisoma darasa la kwanza hadi la saba hapa hapa nyumbani, kuanzia mwaka 1971 hadi 1977, na walimu wake walizoea kumkosa siku za gulio, kwa kuwa dada yangu tangu utotoni hakuweza kukaa mahali pamoja, na baba alikuwa akisema kwamba huyu mtoto hakuzaliwa na miguu, alizaliwa na magurudumu.

Mwaka 1981 alianza biashara ya mawese kwa madumu mawili aliyopewa na mama, akauza mjini Kigoma na Ujiji, na kuanzia mwaka 1998 akawa anapanda boti Kibirizi kwenda kununua mawese katika vijiji vya kaskazini hadi Mwamgongo, kazi aliyoifanya kwa miaka zaidi ya ishirini bila kuogopa mawimbi wala wenye boti, na wenye boti ndio waliomwogopa, maana akikuta dumu lake limewekwa juani mlimsikia kutoka gatini.

Tarehe 12 Julai 1986 alifunga ndoa takatifu na marehemu shemeji yetu Jeremia Bukuru, fundi seremala, aliyetutoka mwaka 2010, na Mungu akawajalia watoto wawili, Asnath, aliyezaliwa mwaka 1988, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi kule Mwamgongo, na Nickson, aliyezaliwa mwaka 1992, dereva wa malori. Tarehe 20 Septemba 2014 Asnath aliolewa na Heritier Dunia, fundi wa injini za boti, kijana ambaye wazazi wake walivuka ziwa kutoka Kongo wakahamia upande huu kabla yeye hajazaliwa.

Hapa lazima niseme jambo ambalo wenyeji wanalijua, lakini wageni waliopangiwa kazi huku kutoka mikoa mingine huenda hawalijui. Katika ukoo wetu mama mkwe na mume wa binti yake hawapeani mikono, hawali pamoja, na wakikutana njiani mama hupisha na kujifunika kitenge, na hiyo si chuki, ni heshima, tena heshima kubwa kuliko zote. Kwa miaka tisa Heritier alimwamkia mama mkwe wake akiwa uani, naye akamwitikia akiwa ndani, mlango umerudishwa nusu, na mimi nilizoea kumtania dada kwamba mkwe wake anaujua ule mlango kuliko anavyomjua yeye.

Mwezi Machi 2021 marehemu alikatwa mguuni na ukingo wa pipa la mafuta, kidonda kikaoza, akalazwa na kupewa dawa kali za kuua vijidudu, na mguu ukapona, jambo tunalolishukuru hadi leo. Mwezi uliofuata akaanza kuharisha. Daktari Edson, ambaye yuko nasi hapa, alitueleza kwa lugha tuliyoielewa kwamba tumboni mwa mtu mna vijidudu vingi vyema vinavyomlinda, na kwamba zile dawa ni kama mtu aliyefyeka shamba zima, mazao na magugu, kisha magugu yakawahi kuota kabla ya mazao. Alipewa dawa nyingine akapata nafuu, ugonjwa ukarudi, akapewa tena, ukarudi tena, ukawa ndio mwenye nyumba na yeye mpangaji.

Ndugu zangu, mtu aliyekuwa akizunguka ziwa sasa alizunguka kati ya kitanda na choo cha uani. Misa hakuweza kuimaliza, akaacha kwenda. Jumuiya ilipokuja kusali kwake aliitikia sala akiwa chumbani, kwa aibu ya kuinuka inuka mbele za watu. Msiba wa jirani alitaka kuuhudhuria, akajinyima chakula ili tumbo litulie, akaanguka barabarani hapo mbele, na baadhi yenu ndio mliomrudisha. Wengine walisema ametupiwa jini, wengine wakasema mambo mabaya zaidi, na walioyasema leo wamekula wali wa msiba, karibuni sana.

Mwezi Januari 2022 Asnath alijifungua mtoto wake wa kwanza, baada ya kungoja miaka saba, na kwetu mama ndiye humkanda mzazi. Dada alifunga mzigo wake, akanywa dawa, akafika Kibirizi, akaingia ndani ya boti, na kabla injini haijawashwa akaomba ashuke, kwa kuwa safari ni ya saa nyingi na ndani ya boti hamna pa kujisitiri. Alirudi Mwandiga kwa bodaboda, kitenge kikiwa kimelowa, akafunga mlango na hakutufungulia mpaka kesho yake. Mjukuu aliletwa baadaye, akampakata, lakini binti yake hakumkanda, na hilo lilimuuma kuliko ugonjwa wenyewe.

Mwezi Agosti 2023 watafiti wa chuo kikuu kimoja walikuja mjini kwetu na jaribio la tiba ambayo mimi niliposikia mara ya kwanza nilidhani Daktari Edson ananitania. Choo cha mtu mwenye afya kinapimwa, kinachujwa, kinasafishwa, kisha kinaingizwa kwa mpira katika utumbo wa mgonjwa, ili vile vijidudu vyema viote upya. Mgonjwa aliruhusiwa kuleta ndugu wapimwe. Nickson akawaandikia Mwamgongo ujumbe wa simu: "Mama anahitaji choo, njooni haraka."

Heritier aliusoma, akakumbuka kwamba mvua za masika zilikuwa zimebomoa vyoo vingi Mwandiga, na kesho yake akashuka Kibirizi akiwa na mifuko ya saruji, bati na mafundi wawili. Nilimpokea mimi, na nilipomweleza ni choo kipi kinachotakiwa alikaa juu ya saruji yake, kisha akaniuliza, "Sasa mjomba, hii saruji nairudisha?" Dada alicheka siku ile, nilimsikia ndani akicheka, na ilikuwa imepita miezi mingi bila kicheko ndani ya nyumba ile.

Tulipimwa wote. Mimi nilianguka kwa sababu ambazo mbele ya Padre sizitaji, Nickson alikuwa ametumia dawa za kuua vijidudu kwa ajili ya jino, Asnath alikuwa ametoka kutibiwa homa ya matumbo. Heritier alipimwa kwa kuwa tu alikuwepo, na akafaulu peke yake. Walipomletea marehemu habari hiyo alisema hapana. Alisema, "Mkono wake sijaushika, leo nimeze haja yake?" Daktari akamweleza kwamba haimezwi, akajibu kwamba huko inakopitia ndiko kubaya zaidi.

Kwa majuma mawili dada yangu alikaa katikati ya mambo mawili ambayo yote yalimfunga, maana akikataa atabaki na kile kitanda na kile choo cha uani, na akikubali atakuwa ameivua heshima aliyoishi nayo maisha yake yote. Tuliita kikao cha ukoo tarehe 2 Septemba 2023. Shangazi yetu Selina, ambaye wote mnajua kwamba hajawahi kulegeza mila hata moja, alisikiliza mpaka mwisho, akasema mficha uchi hazai, na akaamua Heritier alete kitenge na jogoo, haya iondolewe mbele ya wazee. Vikaletwa. Mlango ukafunguliwa wote, dada akatoka, akampa mkwe wake mkono kwa mara ya kwanza, na wote wawili walikuwa wanatazama chini.

Sasa lipo sharti la jaribio lile ambalo sisi tulilisikia bila kulisikiliza. Wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakapewa cha mtu mwenye afya, nusu wakarudishiwa cha kwao wenyewe, kimechujwa vilevile, rangi ileile, na si mgonjwa wala daktari wa wodini aliyejua nani kapata kipi. Nilimfokea Daktari Edson, nikamwambia huo ni mchezo wa kamari kwa mtu ambaye ameshavua nguo mbele ya ukoo mzima, naye akanijibu kwa upole kwamba bila hivyo hawatajua kama kinachoponya ni tiba au ni matumaini. Dada alielezwa zaidi ya mara moja, akasema, "Hata nusu ni kitu," akaweka sahihi, na tarehe 18 Septemba 2023 akafanyiwa.

Kuhara kukakoma. Mwezi Oktoba alipanda boti. Alikaa Mwamgongo mpaka baada ya Krismasi, akala ugali na dagaa meza moja na Heritier, akambeba mjukuu mgongoni mchana kutwa, na aliporudi aliwaambia wanawake wa sokoni bila haya yoyote kwamba yeye sasa ana cha mkwe wake tumboni, na anayetaka kucheka acheke. Tulisahau kabisa kwamba kulikuwa na nusu nyingine, na yeye ndiye aliyesahau kuliko sote.

Mwezi Juni 2024 ugonjwa ulirudi. Taratibu za utafiti zilimruhusu aliyeugua tena kupewa tiba yenyewe, safari hii bila bahati nasibu, na kilikuwepo cha mtu mwingine kilichopimwa na kuhifadhiwa katika barafu, tayari. Heritier hakufaa, kwa kuwa mwezi Mei alikuwa ameumizwa mkono na pangaboi la injini akatumia dawa zilezile za kuua vijidudu, akatakiwa kusubiri miezi mitatu, na miezi hiyo ilipokaribia kwisha akaugua akatumia dawa nyingine, hesabu ikaanza upya. Tukamwomba dada akubali kile cha barafu. Daktari alimwomba, Asnath alipiga magoti, na mimi nilimfokea, kwa kuwa mimi nikiogopa hufoka. Jibu lake lilikuwa hilohilo kila siku, "Cha mtu nisiyemjua sikitaki. Cha mkwe wangu nakijua, kimekaa ndani yangu na hakijanidhuru. Nitamngoja."

Akangoja. Kitanda, choo cha uani, kitanda. Mwezi Oktoba choo cha uani kikawa mbali, akalazwa tarehe 21, na Jumamosi tarehe 9 Novemba 2024, saa moja asubuhi, akafariki dunia, utumbo ukiwa umechoka na mwili umekauka maji. Ameacha watoto wawili, mjukuu mmoja, na ndugu anayewasomea.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi, na Daktari Edson anajua kwamba nina uchungu naye na nina shukrani kwake, yote mawili kwa pamoja, maana hakutudanganya hata mara moja. Nawashukuru majirani mliochota maji, jumuiya mliosali nje ya dirisha lake, wauza mawese mliofunga meza zenu leo, na wenye boti mliobeba wakwe zetu bila nauli.

Nimalizie na yale maneno ya tangu Jumamosi. Imesemwa hapa kwamba mila ilivunjwa na mila imelipiza, kwamba haja ya Mkongomani ndiyo iliyomuua mama mkwe wake, na Heritier ameyasikia, ndiyo maana anakaa kule nje ya uzio, hajala na hajaingia. Jana Jumatatu Daktari Edson alikuja kutupa pole, na kwa kuwa mshiriki akishafariki siri yake inaruhusiwa kufunguliwa kwa familia, watoto waliomba ifunguliwe. Mwezi Septemba mwaka jana dada yangu alirudishiwa cha kwake mwenyewe. Kwa nini alipona ile miezi, daktari anasema hajui, na mimi sijui.

Heritier, mwanangu, ingia ndani ya uzio usikie vizuri. Hakuna chako kilichowahi kuingia tumboni mwa mama yako. Hukumponya na hukumuua. Alikuwa anakungoja, basi, na sasa njoo ushike jeneza, upande wa kichwa, mbele ya shangazi Selina na mbele ya watu wote hawa.

Dada Leonia, umengoja vya kutosha, pumzika katika amani ya Kristo.