Chumba cha Nyuma

Kijiwe chetu kiko Donholm, Nairobi, kwenye kona ambapo nyumba za zamani zinaishia na magorofa yanaanza. Ni benchi moja refu, limeegemea ukuta wa duka lililofungwa, na mbele yake Hamidi huweka jiko la makaa na birika lake la kahawa ya tangawizi. Jumapili alasiri wanaokaa hapo ni wale wale. Kuna Owuor, tunamwita Injinia, kwa sababu alibeba zege kwenye mijengo miaka ishirini na hakuna ukuta ambao hajautolea kasoro. Kuna Nyamai, karani mstaafu, tunamwita Waziri, maana kila jambo ana msimamo wa serikali. Mimi wananiita Dere. Niliendesha lori la mikate mpaka mgongo ukakataa. Ukikaa hapo unaangaliana na geti la bluu la Kathini. Siku hizi paa lake ni jipya, linang'aa hata wingu likiwepo. Lakini Jumapili ninayoisimulia lilikuwa bado lile la zamani, jekundu kwa kutu, na mumewe Nzivo alitoka kwenye geti lile akiwa na daftari chini ya kwapa.

Kathini tunamjua tangu akivaa sare ya shule. Nyumba ile waliachiwa na wazazi wao, yeye na kakake Mbaluka, wawili tu. Kathini aliolewa na Nzivo, mchonga vinyago, wakawa wanapanga chumba kimoja mtaa wa Umoja. Mbaluka akabaki na nyumba. Halafu Mbaluka naye akapata kazi ya udereva Doha. Miaka miwili ya kwanza alipiga simu kila Ijumaa. Baadaye ikawa ukipiga, ni yule mama wa kwenye simu anakwambia mteja hapatikani. Huu ni mwaka wa tatu mteja hapatikani. Nyumba ilikaa imefungwa, mvua ikaingia, na Januari Kathini akamwambia mumewe kwamba wakiiacha mwaka mmoja zaidi itaanguka. Wakahamia.

— Niaje, wazee, Nzivo alisema, akakaa pembeni.

— Poa. Lete hilo daftari, Injinia akasema. Fundi alikuja?

— Alikuja. Alipanda akaingia kwenye siling. Alishuka kimya, kama daktari anayetafuta jamaa za mgonjwa.

— Akasema?

— Mbao za upande wote wa nyuma zimeoza. Mabati ni ya kutupa. Ukiweka na waya za stima na sinki, anataka laki sita na ishirini. Sisi tumejikusanya laki nne na nusu.

Injinia alilifungua daftari. Lilikuwa limeandikwa na Kathini, ambaye ni karani wa ghala kule Industrial Area, na mwandiko wake umenyooka kama wa kitabu. Mabati. Mbao. Gata. Waya. Chini kabisa, peke yake: dirisha la jikoni, kubwa.

— Hapa mmekosea mwanzo, Injinia alisema. Mabati ya nini? Toa paa lote, mwaga slabu.

— Slabu ni pesa ngapi, mzee?

— Usiulize pesa, uliza faida. Ukimwaga slabu uko na sakafu ya gorofa ya kwanza. Unapangisha. Kodi ya kwanza inajenga ya pili. Ya pili inajenga ya tatu.

— Na ya tatu? Waziri akauliza.

— Ya tatu inakuwa kanisa. Kanisa halihamihami.

— Na juu ya kanisa?

— Tangi la maji, na mlingoti wa simu. Watu wa simu wanakulipa ukiwa umelala.

— Ile nyumba ni mawe membamba, Hamidi alisema akipanga vikombe. Yatabeba kanisa na mlingoti?

— Yamebeba miaka arobaini.

— Yamebeba mabati, Injinia. Mabati na paka.

Tulicheka, hata Nzivo akacheka kidogo.

— Mimi wazee sitaki gorofa, alisema. Nataka tu mvua ibaki nje. Tumesukuma kitanda mara tatu mwezi huu. Nina miaka thelathini na sita. Sijui nimechonga twiga wangapi, wako kwenye sebule za watu ambao sitawahi kuwaona. Na mimi sijawahi kupigilia msumari kwenye ukuta bila kuomba ruhusa ya mwenye nyumba. Jana nimepigilia mmoja. Nimeutundikia koti. Nikakaa nikauangalia.

— Msumari? Waziri akauliza.

— Msumari. Kathini akaniuliza naangalia nini, nikashindwa kumwambia.

Hamidi alimpa kahawa na hakutaja bei.

— Sasa hiyo laki na sabini iliyobaki mtaitoa wapi? nikauliza.

Nzivo alizungusha kikombe kiganjani.

— Sacco ya Kathini inaweza kutukopesha. Na kodi ya kile chumba ikawa inalipa.

— Chumba gani?

— Cha nyuma. Kiko na mlango wake wa nje, mtu anaingia na kutoka bila kutusumbua. Jana nimebandika karatasi ya kutafuta mpangaji pale dukani.

Lori lilipita barabara ya Outering likipiga honi, tukalisikiliza mpaka likaisha.

— Cha Mbaluka, Hamidi alisema.

— Cha nyuma, Nzivo akarudia, kwa upole.

— Kathini anasemaje?

— Amesema sawa. Mnaijua ile sawa. Halafu usiku akaandika "kodi ya chumba" kwenye daftari, akafuta. Akaandika tena, akafuta. Angalieni wenyewe.

Tukaangalia. Chini ya mstari wa dirisha la jikoni, karatasi ilikuwa imetoboka kwa kufutwa.

Waziri hawezi kuvumilia kimya. Alijikuna kidevu, akakaa wima kama anayehutubia.

— Mimi nawaambia Mbaluka ni mzima. Kule ukipoteza simu umepoteza nambari zote. Ni hivyo tu.

— Miaka mitatu hajakumbuka hata nambari moja? Injinia akauliza. Hapana. Ameoa. Ameoa mjane mwenye ngamia wa mbio, na mjane hataki simu za Nairobi.

— Mbaluka na ngamia? Yule alikuwa anaogopa mbuzi.

— Mapenzi yanatoa uoga.

— Basi ngoja nikwambie kilichotokea, Waziri akasema. Alitumwa bandarini. Akaingiza lori melini, akalala kidogo kwenye kiti, si unajua madereva. Meli ikang'oa nanga na yeye ndani.

— Meli gani hiyo ya miaka mitatu?

— Kuna meli zinakataliwa kila bandari. Zinazunguka tu. Watu wako ndani wanapika, wanalala, wanahesabu siku.

Nzivo aliinamisha kichwa. Nilimkanyaga Waziri mguu lakini Injinia alikuwa tayari amechukua usukani. Alishusha sauti.

— Mnataka niseme ninachofikiria kweli? Alirudi. Alirudi zamani. Yuko hapa hapa, Mathare, amepanga kachumba. Alirudi mikono mitupu akaona aibu. Anatembea kwa miguu mpaka pale barabarani, anaangalia geti la bluu, anaona nguo za dadake kwenye kamba. Anageuka, anaenda zake.

Sote tuligeuka kuangalia barabarani. Hatukutaka, shingo ziligeuka zenyewe. Na tulipogeuka tukamwona Kathini. Alikuwa amesimama hatua mbili nyuma ya Hamidi, amejifunga leso, mikono bado na unga.

— Kathini, mama, Injinia alisema akiinuka nusu. Tulikuwa tunapiga tu domo.

— Kaa, mzee Owuor. Nilikuja kumwita Nzivo, chakula kiko tayari. Lakini endelea.

— Hakuna cha kuendelea.

— Hiyo ya mwisho sikuwa nimeifikiria. Alikuwa amevaa nini?

— Nani?

— Mbaluka. Akiangalia geti. Alikuwa amevaa nini?

Injinia alimwangalia Hamidi, akaniangalia mimi. Hakupata msaada.

— Mwanangu, ni maneno. Hakuna mtu amemwona.

— Najua ni maneno.

Kathini alikaa kwenye benchi. Miaka yote ile hakuwahi kukaa hapo. Hamidi alimpa kahawa, akaishika kwa mikono miwili bila kunywa.

— Sikasiriki, alisema. Afadhali nyinyi mnamtaja. Kule ndani tumeacha. Tunasema cha nyuma. Cha nyuma kinavuja, cha nyuma kinahitaji rangi. Leo asubuhi nimejisikia nikisema hivyo mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, nikashtuka.

— Kathini, Nzivo alisema. Mimi simfukuzi ndugu yako.

— Sijasema unamfukuza.

— Nataka tu tuwe na kwetu.

— Na unadhani mimi sitaki? Nalitaka hilo paa kuliko wewe. Nataka nilale nikisikia mvua, nijue iko nje. Nataka dirisha la jikoni, mama alipika gizani miaka yote akisema mwaka ujao atalipanua. Lakini kitanda chake kiko mle, Nzivo. Viatu vyake viko chini ya kitanda, kimoja kimelala ubavu vile alivyokiacha. Nikiviondoa nikampa mtu ufunguo, nitakuwa nimesema jambo ambalo bado hakuna mtu ameniambia.

Nzivo aliweka mkono wake karibu na wa mkewe kwenye benchi, haukugusa. Alisema polepole:

— Basi tuitoe ile karatasi. Tutapaka paa lami, tusubiri mwaka mwingine.

— Na kitanda tutakisukuma wapi?

— Sijui. Sebuleni.

— Sebuleni kunavuja.

Walikuwa bado hapo, wakiangalia paa lao kwa mbali, kijana mmoja alipotokea upande wa magorofa. Alikuwa mrefu, shati limepigwa pasi, mkononi ana karatasi iliyobanduliwa ukutani.

— Salaam aleikum.

— Wa aleikum salaam, Hamidi akamjibu.

— Naitwa Dirie. Nauza spea kule Industrial Area. Nimeambiwa kuna chumba hapa, kiko na mlango wake.

Nzivo alisimama haraka. Nilijua anataka kusema kimechukuliwa. Nilimwona mpaka midomo ikijipanga. Lakini Kathini aliinuka kabla yake, akaweka kikombe chini, akapangusa unga kwenye leso.

— Kiko, alisema. Kuja uone.

— Kathini, si lazima, Nzivo alisema.

— Najua si lazima. Wewe kaa.

Wakaenda. Geti likafunguka, likarudi. Nzivo alibaki na daftari magotini, anafungua, anafunga. Injinia aliulizia ubora wa simiti siku hizi, hakujibiwa na mtu. Waziri alisema huenda mvua ikanyesha. Hamidi alikoroga makaa ambayo hayakuhitaji kukorogwa. Tulikaa hivyo, nadhani nusu saa nzima, ambayo ni muda mrefu sana wa kuangalia chumba kimoja.

Mwishowe Dirie akatoka peke yake. Alivuka barabara, akasimama mbele yetu, amekunja ile karatasi mara nne.

— Tumeelewana, alimwambia Nzivo. Kodi haina shida. Vitu vya mwenyewe tumeviweka kwenye sanduku, liko juu ya kabati. Nimemsaidia kukunja shuka. Amesema sanduku libaki humo humo, nami nikasema sina neno.

— Ametoa viatu? Nzivo akauliza.

— Viatu amekataa niviguse. Amevibeba mwenyewe, ameviweka sebuleni mlangoni. Alikuwa analia lakini hakuacha kufanya kazi, kwa hivyo na mimi nikaendelea.

— Ahsante.

— Kuna kitu kimoja ameniomba, Dirie akasema. Amesema kuna mtu anaweza kubisha ule mlango wa nje. Saa yoyote, hata usiku wa manane. Nisimuulize jina. Nimfungulie, nimpe kitanda, halafu nigonge ukuta ili nyinyi msikie.

— Nawe umesemaje? nikauliza.

— Nimesema sawa. Na mimi nilishawahi kubisha milango ya watu, mzee. Dirie alituangalia benchi lote, mmoja mmoja, bila haraka. Nilitaka tu kujua, nijipange. Huyo mtu anakuja lini?

Injinia alikohoa. Waziri alifungua mdomo, tukamgeukia kwa matumaini, akaufunga. Hamidi aliinua birika amwongezee mtu, likatoa matone mawili na mashapo. Upande wa pili wa barabara, geti likiwa wazi, Kathini alikuwa amefungua madirisha ya ubavuni ya chumba cha nyuma, yote mawili, na alikuwa uani akikung'uta godoro kwa mkono.

Nzivo aliinuka. Alimpa Dirie mkono, akaushika muda mrefu kidogo kuliko kawaida.

— Lete vitu vyako Jumamosi, alisema. Kuja asubuhi, kabla mafundi hawajapanda juu. Nitakusaidia kubeba.

Kisha akavuka barabara kwenda kumshikia mkewe upande wa pili wa godoro.