Ada ya Kufungulia Kamisheni

"Sio utapeli, mama, ni uwakala wa..." "Uwakala gani wa kulipa ndiyo ulipwe?" Nesi mstaafu hakumwacha kinyozi amalize, na fundi cherehani aliyekaa mbele yao kwenye treni akazidi kujifanya amelala. Usingizi wa umbea hauna mkoromo.

Kinyozi akaeleza upya. Yeye anasambaza linki ya saa za mkononi, mtu akinunua, yeye kinyozi anapata kamisheni. Kamisheni ipo, inaonekana kabisa kwenye simu. Imebaki alipe ada ya kuifungulia tu, ndiyo maana anapeleka mashine yake ya kunyolea sokoni ikauzwe.

"Saa yenyewe umewahi kuishika?"

"Nimeona picha."

"Na aliyenunua?"

"Anaitwa Mteja Nambari Saba."

Fundi akang'ata ulimi asicheke.

"Mwanangu, wakala wa kweli anakatiwa chake mzigo ukiuzwa. Hatangulizi cha mfukoni mwake."

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame, mama."

"Wewe umeinama mpaka wamekupanda mgongoni!"

Treni ikasimama, mlango ukafunguka. Kinyozi akanyanyuka na mfuko wake, amenuna. Nesi akamdaka mkono wa shati.

"Hiyo mashine ina chaji?"

"Inayo. Kwani vipi?"

Nesi akavua kilemba, mvi zikachomoza kila upande, na fundi akasahau kwamba amelala.

"Basi kaa uninyoe hapa hapa. Ukishaiuza, nitanyolewa na linki?"