Pumba Tumboni mwa Mlafi

NDOANO: Haloo? Nani mwenzangu?

BI MOSHI: Mke wa kaka yako. Usikate.

NDOANO: Ah, shemeji. Shikamoo. Namba hii –

BI MOSHI: Ya fundi cherehani. Yangu si umekataa kuipokea?

NDOANO: Mtandao, shemeji. Huku mtandao –

BI MOSHI: Wa kusemea uongo unao. Sikiliza. Bwana samaki wa wilaya yuko hapa kibandani, na mwenzake wa wizarani. Wamekuja kuona kazi kabla hawajakikabidhi kikundi chetu mashine ya ruzuku ya kusagia samaki.

NDOANO: Si heri? Wape chai.

BI MOSHI: Wanakunywa. Wakimaliza watataka kuona samaki wakipasuliwa. Samaki wako wa leo. Nimetangulia kumpasua mmoja huku nyuma ya jiko. Unajua nimekuta nini tumboni?

NDOANO: Mlafi anakula chochote. Ndiyo maana anaitwa mlafi.

BI MOSHI: Pumba. Pumba za mahindi. Ziwani nani anamwaga pumba?

NDOANO: Labda mtu kaosha magunia –

BI MOSHI: Labda, labda. Mlafi wa ziwani tumbo limejaa vitoto vya perege. Huyu wako kanawiri kama bwana harusi. Unamfuga, Ndoano.

NDOANO: Punguza sauti, watakusikia.

BI MOSHI: Serikali imetoa ruzuku ili mlafi avuliwe, asagwe, aishe ziwani. Wewe unamzalisha. Umepewa maji uzime moto, umerudi na kuni.

NDOANO: Na kuni nilitumwa na nani? Si wewe? "Ndoano, kapu halijajaa. Ndoano, mashine inataka samaki wengi." Ziwani wamepungua, tumewavua. Ningewatoa wapi, mfukoni?

BI MOSHI: Ungesema wamepungua.

NDOANO: Halafu mashine wangekupa ya kusaga nini –

[simu inakwaruza]

BI MOSHI: Nini? Rudia.

NDOANO: Nasema, matumbo unapasua wewe kila siku. Pumba umeziona leo tu? Shemeji?

BI MOSHI: Niliziona. Mashine ilikuwa haijafika.

NDOANO: Aha. Basi tusiitane majina.

BI MOSHI: Unawafugia wapi?

NDOANO: Nyuma ya tanuri la matofali. Kwenye lile shimo walipochimba udongo.

BI MOSHI: Nenda kalikaushe sasa hivi. Uwaue wote, uwafukie –

NDOANO: Hakuna wa kuua.

BI MOSHI: Umewahamisha?

NDOANO: Ile mvua kubwa ya usiku... ukingo ulikatika. Niliowawahi ndio hao uliopokea leo, wengine wameondoka na maji.

BI MOSHI: Maji yameelekea wapi? Ndoano. Kijito cha pale kinaingia bwawani kwa mama.

NDOANO: Najua kinakoingia. Nimezaliwa pale.

BI MOSHI: Bwawa lile halijawahi kumwona mlafi. Perege wa mama ndio wanaomweka mjini, ndio –

NDOANO: Asubuhi kapata mmoja kwenye mtego.

BI MOSHI: Mlafi?

NDOANO: Kafurahi. Kasema, mwanangu, tazama Mungu alivyo mwema, samaki mkubwa namna hii.

BI MOSHI: Nawe ukamwambia nini?

NDOANO: Nikamparia magamba.

BI MOSHI: Bwana samaki ana nyavu za kuzibia kijito. Ana na watu. Akijua leo, huenda wakawahi.

NDOANO: Akijua leo, mashine inapanda gari na kurudi ilikotoka. Wenzako wa kikundi watakutafuna mzimamzima.

BI MOSHI: Meno wanayo. Watafune.

NDOANO: Na sizami peke yangu. Nitasema ulikuwa unaona.

BI MOSHI: Sema. Anza na hilo.

NDOANO: Shemeji, nakuomba, ngoja kwanza kaka arudi tukae chini –

BI MOSHI: Nyie mkae chini, mlafi amekaa chini? Bwana samaki, samahani, weka kikombe. Kuna mtu ana maneno nawe. Mdogo wake mume wangu, ndiye mvuvi wetu.

NDOANO: Haloo – sisikii – shemeji, salio litakata –

BI MOSHI: Nimeweka la kutosha. Mwamkie, kisha uanze.