Shangazi Misumari, Mgonjwa Aliyesubirishwa Kura

Wewe unayejipepea na karatasi hii, acha kwanza uisome. Nusu yenu mmeshakimbilia ukurasa wa nyuma kutafuta majina yenu. Hamjatajwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1974, mtoto wa tatu na wa kike peke yake. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1988. Sekondari alikaa miaka miwili, kisha ada ikahamishiwa kwa kaka yake mkubwa, maana ndiye aliyeonekana ana kichwa. Hicho kichwa mtakiona hapo chini.

Mwaka 1991 aliingia karakana ya mjomba wake kujifunza kutengeneza makochi. Misumari midogo alikuwa anaibana kwa midomo, anatoa mmoja anagonga, na huku anakusema vilevile. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Shangazi Misumari. Ukimpelekea kochi, alilikalia kwanza, akalisikiliza, halafu akakutolea siri za nyumbani kwako.

"Anayekaa huku kushoto nani? Shemeji? Mwambie atafute kazi, sponji imekufa."

Mwaka 1997 aliolewa na dereva wa lori, mtu mpole, wakapata binti na mvulana. Mume alifariki 2012. Waliokuja kumposa tena aliwajibu kwamba ameshazoea kulala katikati ya kitanda.

Februari 2022 alianza kuishiwa pumzi. Daktari akasema mlango mmoja wa moyo haufungi vizuri. Unatengenezeka, ila asichelewe. Wiki hiyohiyo mheshimiwa mmoja, mtetezi wa muswada wa bima ya afya kwa wote, alikuja kuchukua makochi yake akamkuta fundi yuko chini anahema. Akamhurumia sana. Kesho yake akampandisha jukwaani.

"Mama huyu angekuwa na bima, angekuwa hivi?"

Watu wakapiga makofi. Upande wa pili, wale wanaosema bima ni kumwibia mzima ili atibiwe mgonjwa, nao hawakulala. Wakatangaza kwamba watamlipia upasuaji wao wenyewe, ionekane watu wanasaidiana bila serikali kutia mkono. Hospitali ikampangia tarehe 14 Juni.

Siku chache kabla, mheshimiwa alifika nyumbani kwake pamoja na kaka mkubwa, ambaye alikuwa ameahidiwa cheo kwenye mfuko wa bima ukishaanzishwa.

"Dada, kura ya muswada ni Julai," kaka akasema. "Ukitibiwa na hela yao tumekwisha. Watasema bima ya nini?"

"Na nikifa?"

"Usiseme hivyo, mama," mheshimiwa akaingilia. "Wewe ni mfano wa taifa."

"Mfano hauhemi, baba. Mimi nahema."

Kaka akashusha sauti. "Fikiria wagonjwa wenzako wasio na mtu wa kuwalipia. Mwezi mmoja tu."

Hilo la wenzake ndilo lililomweza. Akapangusa jasho.

"Haya. Nyie vuteni huku, wao wavute kule. Ila mimi nimeshika vitambaa maisha yangu yote, na sijaona anayevuta akachanika yeye."

Tarehe 14 Juni ikapita. Julai kura ikaahirishwa, muswada ukarudishwa kwenye kamati. Agosti wakagombana mfuko uitweje, naye bado anaambiwa asubiri. Shangazi alifariki Jumanne, tarehe 6 Septemba 2022, asubuhi, amekaa kwenye kochi la mteja ambalo hakuwahi kulimaliza. Bungeni walisimama kimya kwa ajili yake, wakakaa. Upande mmoja ukasema ameuawa na kukosa bima. Wa pili ukasema ameuawa na waliomzuia asitibiwe. Pande zote mbili zilisema kweli, kisha zikaenda kula pamoja. Muswada uko kwenye kamati mpaka leo.

Ameacha binti, mtoto wa kiume, mjukuu mmoja na kaka wawili, mmoja wao bado anasubiri cheo.

Waheshimiwa wa viti vya mbele, na wewe uliyevaa fulana yenye sura yake: ukifika nyumbani ivue. Msimtaje kwenye mkutano wa Jumamosi, hata kwa kumsifu. Shangazi amechoka. Mwacheni apumzike.