Hiba ya Bi Mabrouka

Wagaki alikuwa ameanza kusinzia ndani ya basi la Kibra, lakini mabibi wawili wa kiti cha mbele walimzibua masikio. "Alhamdulillahi, kadhi amenirudishia nyumba yangu," alisema Bi Mabrouka, ajuza wa Kinubi.

"Si ulimpa mwanao mwenyewe, mbele ya mashahidi?" aliuliza mama wa Kawangware aliyeketi naye.

"Nilimpa. Kisha akataka kunitoa aweke wapangaji! Kadhi akaniuliza, 'Tangu umpe, umewahi kuhama?' Nihame niende wapi, na mafiga yangu yako palepale? Akasema hiba haikamiliki mpaka mtoaji aiachie nyumba. Ikavunjwa. Mungu amzidishie kadhi umri!"

"Kwetu, kumshtaki mwana ni kujivua nguo sokoni."

"Na mwana kumtoa mamake nje, huko kwenu mwaitaje?"

Wagaki alibana kicheko. Basi likaanza kupunguza mwendo. "Haya, nyanya," alisema yule mama wa Kawangware, "na huyo mwanao sasa analala wapi?"

Basi likasimama. Bi Mabrouka akainuka, akajitanda vizuri. "Kwangu. Kwani ana mama mwingine?"