Mizunguko Sita ya Jumanne

MATRONI: Haloo? Ni nani?

FUNDI: Shikamoo dada. Mara ya nne hii napiga!

MATRONI: Marahaba. Aah, mdogo wangu, fundi cherehani asiyeshona! Nilikuwa nimekaa.

FUNDI: Kwani simu ilikuwa wapi?

MATRONI: Mezani. Mguu ndio ulikuwa mbali. Eti siku hizi umekuwa daktari?

FUNDI: Najitolea tu pale zahanati, kila Jumanne. Tunawatembeza wenye presha uwanjani, wanazun—

MATRONI: Bure?

FUNDI: Bure.

MATRONI: Makubwa! Mteja wako ana suruali ya mguu mmoja tangu mwezi uliopita, wewe unachunga wazee! Na hicho kizibao chenu cha njano cha kujitolea nasikia hata sokoni hukivui.

FUNDI: Kinanipendeza.

MATRONI: Kinakupendeza! Nyumbani hata ndoo hunyanyui, mkeo ana—

FUNDI: Sikiliza basi! Presha yangu imeshuka, dada. Usingizi naupata. Na yule mama muuza mkaa, si alikuwa akihema kwa ngazi tatu? Sasa anazunguka uwanja mzima huku anasengenya.

MATRONI: Mmemponya miguu, mdomo mmeuacha.

FUNDI: [anacheka] Haloo? Unakatika—

MATRONI: Nipo! Niende wapi?

FUNDI: Ndiyo hiyo sasa. Tangu ustaafu hutoki. Daktari alikwambia ute—

MATRONI: Usianze! Nimelea bweni miaka thelathini, leo nikazungushwe uwanja na mtu niliyemfuta kamasi?

FUNDI: Jumanne iliyopita yule mwalimu mstaafu hakuja. Anayeishi peke yake.

MATRONI: Kachoshwa na domo lako.

FUNDI: Tukamfuata kwake. Tukamkuta sakafuni, jikoni. Tangu Jumapili.

MATRONI: Yu hai?

FUNDI: Mzima. Anauliza nani kachukua nafasi yake ya mbele.

MATRONI: Hakuwa na simu?

FUNDI: Anayo. Ilikuwa mezani.

[mkwaruzo]

MATRONI: Mtandao mbovu huu.

FUNDI: Mbovu kweli. Sasa dada, tuna shida. Nesi wetu mpole mno. Wakikaa kivulini anawabembeleza. Tunataka mtu wa kuwafokea.

MATRONI: Wanakaa? Saa ya mazoezi?

FUNDI: Wanatafuna karanga.

MATRONI: Karanga! Wangekuwa bwenini kwangu hao, wange—

FUNDI: Ndiyo maana nimekupigia.

MATRONI: Siji kutembezwa, unanisikia? Nakuja kusimamia.

FUNDI: Msimamizi anatembea nyuma yao. Mizunguko sita.

MATRONI: Mjanja mkubwa wewe! Sita... Mwambie nesi minne. Huu mguu, mdogo wangu, huu mguu—

FUNDI: Nilishamwambia mitatu.

MATRONI: Lini?

FUNDI: Siku ileile tuliyomkuta mwalimu. Dada, salio linaisha. Kesho saa mbili asubuhi nakupitia. Kizibao chako nimeshakishona, cha njano, na—

MATRONI: Suruali ya mteja imekushinda, cha kwangu umemaliza! Kina mfuko wa simu? Haloo? Wewe, nakuuliza, kina mfuko wa simu? Haloo?